Siku ya shoo prodyuza awe na mikono mitupu

Kuna vijana wengi wananiuliza kazi ya prodyuza wa burudani ni nini hasa na mtu anaanzia wapi, na nikiwajibu kwenye simu naishia njiani maana mambo ni mengi, kwa hiyo leo naandika nikiwa nimetulia. Nazungumzia prodyuza wa matukio: matamasha, shoo za ukumbini, uzinduzi wa albamu, tuzo, mpaka send-off. Yule wa studio anayetengeneza biti ana kazi yake na wapo watakaoielezea vizuri kuliko mimi.

Kitu nachotaka ukishike kwanza, na mengine yote yanatoka humo, ni kwamba siku ya shoo prodyuza anatakiwa asiwe na kazi yoyote ya mikono. Ukimkuta anavuta waya, anatafuta funguo za chumba cha wasanii, anabishana na mlinzi getini kuhusu lori la jukwaa, anapiga simu kuulizia maji ya kunywa, jua kwamba kazi yake ilitakiwa ifanyike wiki mbili nyuma na haikufanyika. Siku yenyewe unatakiwa usimame sehemu ambayo unaiona steji na unamuona fundi mitambo, una redio kolu na karatasi ya ratiba, na akili yako ipo dakika ishirini mbele. Maana likitokea la kutokea, na huwa linatokea, lazima awepo mtu mmoja ambaye kichwa chake kimetulia aamue hapohapo.

Sasa tuje kwenye ratiba. Wengi ratiba yao ni orodha ya majina tu, saa 2 DJ, saa 3 fulani, saa 4 fulani, hiyo mpe MC. Ratiba ya prodyuza inaanza lori linapoingia asubuhi na inaisha lori linapotoka, kila mstari una muda, nini kinafanyika, nani anahusika na mitambo inataka nini. Na kile kipindi cha bendi moja kutoka na nyingine kuingia kiandike peke yake kwa dakika zake, maana shoo nyingi zinafia pale.

Chukulia kundi la taarab linatoka na msanii wa bongo fleva mwenye bendi anaingia, una dakika 15. Drum za bendi inayoingia zinatakiwa ziwe zimeshafungwa nyuma ya steji juu ya kijukwaa chenye matairi, maiki zake zimeshawekwa, kila waya una tepu yenye namba, chaneli (njia ya sauti) ya 1 kiki, ya 2 sneya, ya 3 haiheti, hivyo ni vipande vya drum, hivohivo mpaka maiki ya muimbaji, na karatasi yenye namba hizohizo iko kwa fundi mitambo, ambaye ameshasevu kila kitu kwenye mixer, ile mashine ya kuchanganya sauti, tangu saundicheki (majaribio ya sauti) ya mchana. Taarab wakimaliza taa zinashushwa, DJ anapokea, vijana wawili wanatoa vinanda upande wa kushoto huku wengine wawili wanasukuma drum kutokea kulia, wasikutane katikati. Wanachomeka ule waya mmoja mnene unaobeba chaneli zote, fundi anasikiliza laini mojamoja kwenye headphone bila watazamaji kusikia chochote, anakuonyesha dole gumba, unamwambia MC apande. Hayo yote yasipopangwa mapema dakika 15 zinakuwa 50, msanii aliyewaleta watu anapanda saa 8 usiku na nusu ya watu wameshaondoka kuwahi usafiri.

Ukitaka kuona hii kitu inafanyika kwa nidhamu nenda Zanzibar mwezi wa pili, Sauti za Busara. Tangu 2004 lile tamasha limejengwa juu ya muziki wa live, bendi inatoka nyingine inaingia, na pale Ngome Kongwe penyewe ni jengo la zamani lenye kuta nene, huwezi kupitisha lori kokote unakotaka. Usiende kucheza tu, simama pembeni karibu na mitambo uwaangalie vijana wa steji wanavyofanya, utajifunza kuliko semina.

Umeme. Hapa naomba uniamini kabisa. Jenereta iliyoandikwa kVA 100 haikupi kilowati 100, kwa kawaida ni kama 80, na hutakiwi kuikamua mpaka mwisho, kwa hiyo kabla hujakodi kaa na fundi wa sauti, wa taa na wa skrini kila mmoja akuandikie anatumia kiasi gani, usipokee jibu la "inatosha tu bosi". Kama unatumia TANESCO na jenereta iko standbai, jiulize umeme ukikatika katikati ya wimbo nini kitatokea. Jenereta itawaka, sawa, lakini mixer ya dijitali ikizimika inaanza kujiwasha upya kama kompyuta, na hata ikiwa ni dakika moja na nusu tu, mbele ya umati ni muda mrefu sana. Weka UPS, betri inayoshikilia umeme ukikatika, kwenye mixer, kwenye boksi la steji linalopokea waya za maiki na kwenye laptop ya DJ, ni gharama ndogo mno. Mimi kwa shoo ya usiku ya nje napenda jenereta ndio ibebe steji toka mwanzo, mafuta yamejaa, fundi wake yupo palepale na amekula.

Ndio, amekula. Chakula cha mafundi ni kazi yako prodyuza, watu wamefunga jukwaa toka saa 12 asubuhi juani afu saa 4 usiku unategemea wawe makini na mkono uko kwenye fader, vile vitufe vya kupandisha na kushusha sauti, hawawezi.

Vibali nisikuchoshe: huku Tanzania bara unapita BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, afisa utamaduni wa halmashauri na polisi, Zanzibar wana baraza lao la sanaa la BASSFU. Anza mapema na uweke nakala kwenye faili utakalokuwa nalo siku ya shoo, kwenye simu pekee haitoshi, simu inaisha chaji.

Kwenye pesa tenga asilimia 10 ya bajeti pembeni na usimwambie yeyote ipo, hata promota, la sivyo atakuja kuiombea msanii mwingine. Na ujue kusema hapana mapema. Sauti za Busara hiyohiyo, pamoja na jina lake lote, mwaka 2016 haikufanyika kwa sababu pesa za wadhamini hazikutimia, wakasema, na 2017 wakarudi. Naheshimu sana uamuzi ule. Huku kwetu mtu anajua kabisa hela haijatimia ila anaendelea kubandika mabango akiamini ya getini itaokoa, mwisho wa siku wasanii wamegoma backstage, watu wanarusha chupa, na wanaoumia ni mafundi ambao hata mchango wa kuamua hawakuwa nao.

Kuna la usalama ambalo naliona wengi wanalichukulia kama kazi ya mabaunsa. Houston, Marekani, Novemba 2021, kwenye tamasha la Astroworld watu 10 walikufa kwa kubanwa kwenye umati, shoo ikaendelea huku watu kwenye umati wakiomba isimamishwe. Kwa hiyo kabla ya geti kufunguliwa kubalianeni kwa maandishi nani ana mamlaka ya kusimamisha shoo, atatumia neno gani kwenye redio, nani anazima muziki, nani anawasha taa zote, na MC atasema nini. Msanii na meneja wake waambiwe mapema, wasije wakakasirika steji. Mwenye mamlaka hayo awe mtu anayeangalia watu muda wote, na ndio maana nasema mikono yako iwe mitupu.

Kuhusu kuongea na watu, mafundi wakubwa waite kwa heshima zao, mzee, kaka, bro, na mwombe kitu ukijua anahitaji muda gani kukifanya. Meneja wa msanii mpe taarifa hata kama ni mbaya, asije akaisikia kwa mtu mwingine. Mdhamini anayetaka kuongeza hotuba ya ghafla saa 3 usiku mwambie bosi nafasi yako ni saa 2 na nusu kabla ya muziki, watu watakusikiliza vizuri, na ushikilie hapohapo kwa upole.

Pa kuanzia? Mimi namshauri mtu aanzie kwenye send-off na harusi. Kamati ile ni shule tosha, kuna bajeti ya michango ambayo haijatimia, kuna mpambaji, mpishi, MC, DJ, mtu wa picha, mama mzazi mwenye maoni yake, ukumbi unafungwa saa 6 kamili na wazee wanataka chakula saa 3. Omba mshika ratiba wa shughuli ya ndugu au jirani akupe kazi ya kumsaidia, andika kila kilichochelewa na kwa nini. Baada ya hapo mtafute stage manager, yule msimamizi wa steji, yeyote mjini umbebee karatasi, hata bure mara ya kwanza, ila nauli na chakula omba.

Na shoo ikiisha bado hujamaliza. Mafundi na vijana wa kubeba vyombo walipwe usiku uleule, kila mmoja anasaini jina lake na kiasi, hela iwe imeshahesabiwa kwenye bahasha toka mchana au namba zao za simu umeshazihakiki, maana saa 9 usiku mtandao ukigoma utajikuta umezungukwa na watu waliochoka ambao lori lao linawasubiri. Kesho yake mchana, kabla kila mtu hajasahau, wapigie watatu, fundi wa sauti, stage manager na mtu wa getini, waulize nini kirekebishwe, uandike.