Wadogo zangu mnaoripoti zahanati, mkono unasahau

Karibuni sana Mtwara na Lindi wadogo zangu wauguzi mnaoanza kazi, ila kuna jambo moja mlishike kabla hamjaizoea kazi. Mkono unasahau.

Mimi nilienda semina ya kuwasaidia vichanga kupumua, nikafaulu vizuri tu, nikarudi na cheti kwenye zahanati ya kijijini Tandahimba. Sasa zahanati zetu kuna mwezi mnazalisha wanne watano na karibu wote wanalia wenyewe, kwahiyo ambu, ule mfuko wa kuminya wenye maski wa kumpulizia mtoto hewa, inakaa tu. Miezi saba baadae, msimu wa korosho, mama kachelewa shamba kafika usiku kichwa cha mtoto kinaonekana, mtoto katoka mlegevu, kimya. Nikamfuta, nikamsugua mgongo, wapi. Nikashika ambu naminya naminya kifua hakipandi, upepo unavujia pembeni ya shavu nausikia kabisa na sikumbuki nifanye nini, kumbe nishamlaza kichwa nyuma mno. Mhudumu niliyekuwa nae zamu ndo akasema, "Sista, kichwa hicho." Nikakirudisha kidogo, kama mtu ananusa kitu, nikabana maski upya, kifua kikapanda. Akalia. Lakini ile dakika ya kwanza, dakika ya dhahabu, ilishapita, na mpaka leo nikimwona yule mtoto njiani namwangalia anavyotembea.

Tangu hapo kila Jumatatu kabla kliniki haijajaa tunaweka mdoli wa mazoezi mezani dakika kumi, mmoja anaminya mwenzie anahesabu, pumzi 40 mpaka 60 kwa dakika, kifua kisipopanda rekebisha maski, kichwa, safisha mdomo na uache wazi kidogo, ndo uongeze nguvu ya kuminya. Hospitali ya Haydom kule Manyara waliliona hili, mafunzo ya siku moja peke yake hayakubadili kazi ya leba, walipoanza mazoezi mafupi ya mara kwa mara ndo vifo vya vichanga saa 24 za mwanzo vikapungua. Pointi za mafunzo za kuhuisha leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga tafuteni, ni lazima, ila msisubiri semina yenye posho ndo mshike ambu.

Ukikuta mdoli umefungiwa stoo muombe inchaji funguo siku hiyohiyo. Na kila ukiingia zamu ziba maski na kiganja, minya, usikie valvu inaachia upepo. Maski namba 1 ya mtoto wa miezi kamili na 0 ya njiti, zote ziwe mezani kabla mama hajapanda kitandani.