Upimwe kwanza upande wa kushoto, ndipo ushike usukani

*Shikamoo dada. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 47 na ninaishi Tabata. Miezi 14 iliyopita nilipata kiharusi kilichonilegeza upande wa kushoto. Namshukuru Mungu, sasa natembea bila fimbo na mkono umerudi, ingawa vidole bado ni vizito. Nimeendesha gari miaka 16 bila ajali, na gari letu ni la otomatiki. Mume wangu ameficha ufunguo, na kijana wetu mkubwa anasema nikigusa usukani ataliuza. Nikitaka kwenda kumwona mama yangu Segerea, ni lazima niombe. Jumapili moja walipokwenda kanisani nilitumia ufunguo wa akiba, nikalisogeza gari hapo uani. Nilikwangua kioo cha kushoto kwenye tenki la maji, lakini naamini ni kutozoea tu. Daktari anasema naendelea vizuri. Hapa nyumbani hata chakula ni maneno: mume wangu ananitania kwamba siku hizi namwachia mboga upande mmoja wa sahani. Je, nirudi barabarani, au nikubali kwamba yameisha? Nimechoka kuwa mgonjwa.*

Marahaba, mdogo wangu. Pole kwa kiharusi, na pole zaidi kwa hayo maneno yako ya mwisho, ambayo nimeyasoma mara tatu kwa sababu naona ndiko barua nzima ilikotoka. Mtu aliyezoea kumpitia mama yake jioni bila kumwomba yeyote ruhusa, akijikuta amesimama kando ya barabara anasubiri bajaji huku akihesabu kama nauli itatosha kwenda na kurudi, amepoteza jambo ambalo haliandikwi kwenye kadi ya kliniki. Sitakuambia kwamba hilo ni dogo, wala sitakuambia ushukuru tu kwamba uko hai, kwa kuwa najua umeshaambiwa hivyo na kila aliyekuja kukujulia hali.

Jibu langu ni hili: usiendeshe gari kwa sasa, hata hapo uani, na wala usikubali kwamba yameisha, maana kipimo ambacho kingekupa jibu la kweli hakijafanyika bado. Naomba tuyarudie mambo mawili uliyoyataja kwa haraka, yaani tenki la maji na mboga za kwenye sahani. Umeyaandika kana kwamba hayahusiani, tena la pili umeliandika kama mzaha wa mumeo, lakini mimi nilipoyaona pamoja katika barua moja moyo ulinishtuka.

Kiharusi kinacholegeza upande wa kushoto wa mwili kwa kawaida huwa kimepiga upande wa kulia wa ubongo, na upande huohuo wa ubongo ndio unaopokea picha ya vitu vilivyo kushoto kwetu na kutufanya tuvitilie maanani. Kwa hiyo baadhi ya wagonjwa hubaki na moja kati ya kasoro mbili, au zote mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni kwamba eneo la kushoto la kuona hukatika katika macho yote mawili, hata kama macho yenyewe ni mazima na mtu anasoma herufi ndogo za ukutani bila shida. Ya pili ni kwamba macho yanaona, lakini ubongo haujali kilichoko kushoto, kana kwamba upande huo wa dunia haupo. Na jambo linalonifanya nikuandikie kwa kirefu namna hii ni kwamba mwenye kasoro hizi mara nyingi haoni giza wala pengo lolote, bali kwake yeye kila kitu kimekamilika. Mboga zilizobaki upande wa kushoto wa sahani hakuziacha, hakuziona. Hujaandika kwamba mboga hizo hubaki upande gani. Muulize mumeo leo jioni, kabla hamjaondoka mezani.

Nayajua haya kwa sababu ya marehemu kaka yangu, aliyepata kiharusi cha namna yako na kurudi barabarani baada ya miezi mitano, akiwa na nguvu na furaha, nasi sote tukimpongeza. Alikuwa akila nusu ya sahani, kisha anadai kwamba amepunjwa. Tukiizungusha sahani anashangaa kuona wali bado upo. Tulicheka, na hakuna aliyefikiri zaidi ya hapo, hata mimi niliyekuwa nikimpakulia. Wiki ya tatu alimgonga mwendesha baiskeli aliyekuwa kushoto kwake kabisa, mchana kweupe, kwenye barabara iliyonyooka. Yule kijana alivunjika mkono na akapona, lakini kaka yangu alirudia sentensi moja mpaka mwisho wa maisha yake: “Hakuwepo.” Hakuwa anadanganya. Kwa macho yake, kijana yule kweli hakuwepo.

Sasa ifikirie barabara yako. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo kushoto ndiko waliko watembea kwa miguu, ndiko daladala linakochomoka kutoka kituoni, ndiko bodaboda wanakopenyeza foleni inaposimama pale Barakuda. Dereva aliyepungukiwa upande wa kulia ana hatari yake, lakini aliyepungukiwa upande wa kushoto katika jiji kama Dar es Salaam amepungukiwa upande wenye watu. Mkono wako, kwa kweli, unanipa wasiwasi mdogo zaidi. Katika magari ya otomatiki yaliyotoka Japani, kama mengi tuliyo nayo, mguu wa kulia ndio unaokanyaga mafuta na breki, na kijiti cha indiketa kiko upande wa mkono wa kulia; mkono wa kushoto unashika gia, mara nyingi breki ya mkono, na kusaidia kukata kona. Vidole vizito vinaweza kuzoezwa, na hata usukani unaweza kufungwa kishikio kidogo cha kuuzungusha kwa mkono mmoja. Upande usiouona haufungiwi kishikio.

Daktari wako aliposema unaendelea vizuri, huenda alikuwa akizungumzia presha, hatua zako na nguvu za mkono, na inaelekea hukumuuliza kuhusu gari kwa kuogopa jibu. Muulize. Mwombe akupime uoni wa pembeni, kipimo ambacho huanza kwa jambo jepesi tu: unamtazama usoni, naye anachezesha vidole vyake pembeni, upande mmoja mmoja na kisha pande zote mbili kwa pamoja, kwa sababu wapo wanaoona kidole cha kushoto kikiwa peke yake lakini kikishindana na cha kulia wanakikosa. Kisha akuandikie rufaa kwenda kliniki ya macho, na kwa wewe uliyeko Dar es Salaam hapo ni Muhimbili au CCBRT kule Msasani. Huko waeleze waziwazi kwamba unataka kupimwa eneo lote la kuona, si miwani. Usitoke na jibu la “macho yako ni mazima” ukadhani kazi imekwisha. Muulize pia daktari kuhusu mtaalamu wa utengamao, yule anayewarudisha wagonjwa kwenye shughuli zao za kila siku, kwa kuwa ndiye atakayeangalia umakini wako, wepesi wa kuamua, na kama unaweza kutazama mambo mawili kwa wakati mmoja bila kuchanganyikiwa.

Kuna mengine ya kumwambia daktari bila kuficha: kama umewahi kupata degedege tangu kiharusi, hata mara moja, kama dawa za presha zinakupa kizunguzungu unaposimama, na kama uchovu hukushukia ghafla mchana, jambo linalowapata wengi waliopona kiharusi na ambalo ni hatari sana mtu akiwa kwenye foleni ya Barabara ya Mandela, malori ya makontena yakiwa mbele na nyuma. Presha yenyewe isipodhibitiwa, kiharusi cha pili kinaweza kukukuta popote, hata hapo kwenye usukani.

Usijipime kwa kalenda. Nchini Uingereza aliyepata kiharusi huzuiwa kuendesha kwa angalau mwezi mmoja, na baada ya hapo kinachoamua ni hali yake, si idadi ya miezi. Wapo wanaorudi mapema na salama, na wapo ambao hata baada ya miaka mitatu hawapaswi kurudi. Miezi yako 14 haikupi haki ya kuendesha, wala haikunyimi.

Tuseme vipimo vinaonesha upande wa kushoto ni mzima, na lile tenki lilikuwa kutozoea kweli. Basi omba barua ya daktari, angalia kama leseni yako haijaisha muda, na uwaarifu watu wa bima kuhusu ugonjwa wako, hasa kama mna bima kubwa, kwa sababu jambo lililofichwa ndilo watakaloshikilia siku ya kudai fidia. Fundi alikague gari pia, hasa betri, matairi na breki, kama nalo limekaa tangu ulipougua. Mwanzo usitoke na mumeo, bali tafuta mwalimu wa chuo cha udereva mwenye gari lenye breki ya pili upande wake, umweleze yaliyokupata, uanzie kwenye uwanja kisha mitaa ya ndani, saa moja ya asubuhi ya Jumapili, dakika 20 tu kwa siku, mpaka yeye mwenyewe aseme kwamba hahitaji tena kugusa breki yake. Segerea kwa mama kunafaa kuwa safari yako ya kwanza ya kweli. Kariakoo isubiri.

Na ikiwa vipimo vitaonesha kwamba upande wa kushoto umekatika? Nitakuambia ukweli, kwa sababu umeniuliza kama mtu mzima. Sehemu kubwa ya uoni unaorudi huwa inarudi katika miezi ya mwanzo, na kama hadi leo eneo hilo halipo, huenda lisirudi lote. Ile kasoro ya ubongo kutojali inaweza kupungua zaidi kwa mazoezi ya kugeuza kichwa na kutafuta kwa macho, na hayo mtaalamu atakufundisha, kisha utapimwa tena. Lakini kama jibu litabaki hapana, basi ni hapana. Litakuuma, nawe ulie, usijikaze. Gari lisiuzwe kwa hasira ya kijana wala kwa hasira yako. Kaeni mkubaliane siku maalumu za wewe kupelekwa kwa mama, siku ambazo ni zako na hazihitaji kuombwa, na dereva awe ni huyohuyo kijana anayetishia kuliuza. Hilo la kutoomba ndilo unalolitaka, nami naona una haki nalo, uwe unaona kushoto au huoni.

Kuhusu mumeo, najua kufichiwa ufunguo katika nyumba yako mwenyewe kunadhalilisha, na ni vema umwambie hivyo kwa maneno hayohayo. Lakini huenda ndiye aliyekuona ukianguka, ndiye aliyekubeba, na usiku ule hajaumaliza bado. Wewe ulipougua ulikuwa ndani ya ugonjwa. Yeye alikuwa nje anautazama. Mwambie habari za ule ufunguo wa akiba kabla hajauona mkwaruzo kwenye kioo, umpe na ufunguo wenyewe kwa mkono wako, ukimweleza kwamba hutaugusa hadi vipimo vitoke, na kwamba vikitoka vizuri unautarajia urudi. Mwanao asikae kwenye mazungumzo hayo ya kwanza. Yanawahusu ninyi wawili.

Halafu siku ya kliniki nendeni pamoja, muingie wote kwa daktari. Mpishe mumeo aeleze habari za tenki na za sahani, na azieleze yeye, maana kama ninachokihofia kipo, wewe ndiye usiyeweza kukisimulia.