Chumvi ya asubuhi iliniharibia shu mbele ya mama mkwe

Siku ya yenga ilopita mama mkwe alikuja kututembelea hapa Goma akitokea Bukavu, na mimi nikasema nijipange mapema. Nikakata shu, ile kabichi, asubuhi, nikaitia chumvi, nikaifunika mu basani, nikaenda misa. Kurudi nakuta inaogelea. Nikamwaga yote mu karayi na mayi yake, nikafunika, makala nayo ilikuwa imeanza kufa, basi ikabakia pale karibu saa nzima. Mama mkwe anafika, anasimama kwa mlango: "Binti yangu, nani anachemsha mayai humu?" Shu yenyewe hakuigusa. Mpaka leo inaniuma, sitawaficha, juu mimi napika tangu niko na miaka 9.

Sasa mnisikilize vizuri. Chumvi inavuta mayi ya ndani ya mboga, hiyo ndo kazi yake. Mayi ikijaa mu karayi, joto haliwezi kupanda kupita pale inachemkia, na huku kwetu, vile tuko juu karibu metre 1500, inachemka kwa digri 95 hivi. Ile harufu ya kukaanga, ile jirani anasikia anauliza leo mnakula nini, inataka digri 140 na zaidi. Unadhani unakaanga kumbe unachemsha! Na shu ikichemka sana inatoa salfa, ndo ile harufu ya mayai.

Jana nikarudilia. Chumvi nusu saa tu, nikaikamua kwa mikono, kiganja kwa kiganja, mpaka vidole vikauma, nikaipangusa na kitambaa safi, mafuta ikapata moto kabisa ndo nikaitia, bila kufunika. Dakika chache kando zikageuka kahawia, nyumba yote ikanukia tamu kama karanga za kukaanga. Watoto walikuja bila kuitwa.

Bilinganya ni vile vile, chumvi, kamua, pangusa, tena haitakunywa mafuta sana. Kitunguu ukiitaka laini ya sosi, tia chumvi mwanzoni. Ukiitaka kahawia, ngoja kwanza. Kukamua ndo kila kitu, narudia, kamueni!

Dada zangu, tuache kupika juu ya kuwahi tu. Ile mboga kuna mama ameibeba kichwani tangu alfajiri mpaka soko ya Virunga, umeilipa na pesa yako, halafu unaiacha inazama mu mayi yake yenyewe? Iheshimu. Ipe hiyo nusu saa na mikono yako.

Mama mkwe anarudi mwezi ujao na boti, na nitamupikia shu.