Jibu: Maumivu ya kano ya kisigino

Kaka, umeuliza kama uache kabisa mpira wa ufukweni Raskazone mpaka kano ipone yenyewe. Mchanga laini uache kwanza, kisigino kinazama na kano inavutika. Ila usikae bure! Mwaka 1998 daktari Håkan Alfredson wa Uswidi na wenzake waliwapa wanamichezo 15 wenye maumivu sugu katikati ya kano zoezi la wiki 12. Wote walirudi kukimbia.

Zoezi lenyewe: simama ukingoni mwa ngazi kwa vidole. Panda kwa mguu usiouma, shuka polepole kwa unaouma mpaka kisigino kipite ukingo. Mara 15, mizunguko 3, asubuhi na jioni, goti likinyooka, kisha likikunjwa. Kuuma kiasi ni kawaida.

Ukisikia "pa!" ghafla na kisigino hakinyanyuki, nenda hospitali siku hiyohiyo.