Mtoto anaruka tumboni kama saa

SWALI: Shikamoo mama mkunga. Nina mimba ya wiki 31, ya kwanza. Kila usiku nikilalia ubavu wa kushoto, tumbo linadundadunda chini ya kitovu, tik, tik, tik, kwa dakika kumi hivi. Wifi yangu anasema mtoto anakosa pumzi. Silali kwa hofu. Mama K., Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo ni kwikwi. Mtoto humeza maji ya uzazi na kujizoeza kupumua, na msuli ulio chini ya mapafu yake unapojikaza ghafla, wewe unahisi mdundo. Hewa anaipata kwako, kupitia kondo la nyuma na kamba ya kitovu chake, kwa hiyo kwikwi haimkabi. Teke huja ovyo, leo mbavuni kesho kibofuni. Kwikwi hupiga mahali pamoja, kwa mpigo sawa. Mimba yangu ya pili ilinifanyia hivyo kila nikimaliza kula, hata kanga ilitikisika.

Lakini kwikwi usiihesabu kama kucheza. Ninachotaka ujue ni mazoea ya mtoto wako: hupiga mateke saa ngapi, kwa nguvu gani. Siku akipunguza au akinyamaza, usingoje kesho wala tarehe ya kliniki, hata kama kwikwi ipo. Nenda hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana. Damu au maji yakitoka, vivyo hivyo.

Wifi yako mwambie ana haki ya kuuliza. Ule uzi wa kubandika kwenye paji la uso ili kwikwi ikome, asubiri mtoto azaliwe.