Chuo, karakana na mashine ya alizeti: nani aanze kumwita mwenzake?

Wiki hii maswali yametoka Dodoma mjini, Kongwa, Bahi na Mpwapwa, na karibu yote yanagusa jambo moja: chuo, kituo cha utafiti, karakana, kiwanda na halmashauri vipo jirani, lakini kila kimoja kinafanya kazi kivyake. Tunajibu kwa kadiri yalivyoingia.

"Mfumo wa taifa wa ubunifu" ni kitu gani hasa? Tunausoma darasani ila sijawahi kuona ofisi yake. (Mwanafunzi, Iyumbu)

Hauna ofisi. Ni jumla ya taasisi zinazozalisha maarifa, zinazoyasafirisha na zinazoyatumia, pamoja na uhusiano uliopo kati yao. Jina hilo lilianza kuvuma baada ya mchumi Mwingereza Christopher Freeman kuandika kuhusu Japani mwaka 1987. Lakini mwaka 1968, Jorge Sábato na Natalio Botana wa Argentina walikuwa wamekwisha kuchora pembetatu ya serikali, watafiti na viwanda, wakionya kwamba mara nyingi kila pembe huwa na mawasiliano mazuri na nchi za nje kuliko na pembe ya jirani. Kwetu pembe zipo: SIDO (shirika la viwanda vidogo) tangu 1973, COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) kwa sheria ya 1986, UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) tangu 2007, TARI (utafiti wa kilimo) pale Makutupora, TALIRI (utafiti wa mifugo) kule Mpwapwa. Kilichopungua ni mistari ya kuziunganisha.

Chama chetu cha wakamuaji wa alizeti kilisaini hati ya makubaliano na chuo kimoja. Tulipiga picha, tukala, tukaagana. Mwaka wa pili huu hajarudi mtu. Tumekosea wapi? (Mkamuaji, Kibaigwa)

Hati za namna hiyo husema "tutashirikiana". Hazisemi nani atafanya nini, lini, kwa fedha ya nani. Mhadhiri hupanda cheo kwa machapisho, ana vipindi na mitihani ya kusahihisha, na nauli ya kuja Kibaigwa haimo katika bajeti ya idara yake. Ninyi nanyi mna msimu. Mbegu zikishaingia, mashine haiwezi kumsubiri mtu. Hapo hakuna mwenye nia mbaya. Hakuna tu aliyepewa kazi.

Iwekeni hati pembeni, mwandike swali moja lenye namba. Kwa mfano: mashine yetu inaacha mafuta kiasi gani kwenye mashudu? Chukueni gramu 500 za mashudu mara tatu kwa siku: nusu saa baada ya kuwasha (mashine ikiwa bado baridi majibu hudanganya), mchana, na kabla ya kuzima. Kila mara chukueni pia gramu 500 za mbegu zinazoingia muda huohuo. Fungeni kwenye mifuko isiyopitisha hewa, mwandike tarehe, saa na aina ya mbegu. Mbegu hizo ni muhimu, msiziruke. Unyevu ukizidi asilimia 8 hivi, mashudu hutoka laini na mafuta hubaki ndani, mkaishia kuilaumu mashine kwa kosa la mbegu.

Tuseme maabara inawaambia mashudu yana mafuta asilimia 12, wakati mashine isiyo na kasoro ingeacha 7. Katika kila tani ya mashudu mmetupa kama kilo 50 za mafuta, yaani takriban lita 54. Zidisheni kwa tani za msimu mzima, ndipo mjue mko tayari kulipa kiasi gani kuliondoa tatizo. Mkienda chuoni na hesabu hiyo mkononi, mazungumzo hubadilika.

Sababu ya kawaida ni skrubu kubwa kulika. Itoeni muiangalie: meno yaliyokuwa na kingo kali yamekuwa mviringo, yanang'aa, na nafasi kati yake na ukuta wa kikamulio imepanuka. Mafundi wengi huyajazia kwa vijiti vya kawaida vya kuchomelea. Chuma chake ni laini, hakichukui muda kinalika tena. Panatakiwa vijiti vya chuma kigumu, kisha meno yasagwe yarudi kwenye kipimo chake. Hapo sasa mna kazi ya watu watatu: mpimaji wa chuo, fundi wa karakana (ya SIDO, ya chuo cha ufundi cha VETA au ya binafsi), na mwenye mashine. Waandikiwe karatasi moja yenye tarehe, na malipo kwa awamu. Awamu ya mwisho itoke pale mashudu yatakapopimwa tena na mafuta kuonekana yameshuka.

Na teueni mtu mmoja, siyo kamati, wa kufuatilia kila wiki, apewe nauli na fedha ya simu. Kuunganisha watu ni kazi, na kazi isiyo na mwenyewe hailali pazuri.

Nimesikia nchi nyingine hutoa "vocha za ubunifu". Halmashauri inaweza? (Afisa, Bahi)

Inaweza kujaribu kwa kiasi kidogo. Uholanzi mwaka 2004 ilitoa vocha 100, kila moja yuro 7,500, kwa wafanyabiashara wadogo na wa kati ili wapeleke swali lao kwenye taasisi ya utafiti. Waliotoa maombi walikuwa zaidi ya 1,000, ikapigwa bahati nasibu. Waliopata wakalinganishwa na waliokosa, ikaonekana kwamba karibu vocha 8 kati ya 10 zilizaa kazi ambayo vinginevyo isingefanyika. Siri yake ni kwamba fedha inaanzia kwa mwenye tatizo. Mtafiti akiitaka lazima amsikilize.

Vocha tunazifahamu. Zile za pembejeo, zilizoanza msimu wa 2008/09, zilifundisha mengi: mahali pengine mkulima alisaini akapewa fedha kidogo, mbolea hakuiona. Kwa hiyo mtoa huduma alipwe baada ya kazi, mwenye biashara achangie sehemu yake kwa fedha taslimu, na mtu wa tatu aende kuona kilichofanyika. Msizichanganye na mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri (4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu). Ile ni mikopo, hurejeshwa.

Nimeunda mashine ya kupura mtama, nataka kuipeleka MAKISATU (mashindano ya kitaifa ya ubunifu). Nikiionyesha si nitaibiwa? (Fundi, Mpwapwa)

Nenda kwanza BRELA, wakala wa usajili wa biashara na hataza. Hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi) hutolewa kwa kitu kipya, na uvumbuzi uliokwisha kuanikwa hadharani unaweza kukosa sifa hiyo. Kosa tunaloliona kwenye maelezo ya mafundi ni kusifu badala ya kueleza. "Inapura haraka" haisaidii. Andika ngoma ina pini ngapi, zimepangwaje, feni inapuliza kutoka upande gani, nini hasa hakikuwepo kwenye mashine za awali. Kama ulitumia karakana ya chuo, kubalianeni umiliki kwa maandishi sasa, kabla ya fedha kuonekana.

Pia jipime mwenyewe: kilo kwa saa, punje zilizovunjika, punje zilizobaki kwenye masuke, lita za mafuta kwa gunia. CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo cha Arusha, ndiyo yenye kazi ya kujaribu zana za kilimo. Ukiwa kwenye kikundi cha vijana, jisajilini kwenye NeST, mfumo wa manunuzi ya umma kwa mtandao. Sheria inatenga asilimia 30 ya bajeti ya manunuzi ya umma kwa makundi maalumu. Tuzo ni nzuri, lakini oda ya mashine kumi ndiyo itakayokulazimisha kuiboresha.

Watafiti wanatufundisha kukatia na kupiga dawa, zabibu zinatoka nzuri, halafu mnunuzi hatokei. Utafiti huo unatusaidia nini? (Mkulima, Mpunguzi)

Mama, una haki ya kuuliza. Utafiti umefika shambani, haujafika kwenye tanki la mvinyo. Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka, na siku ya kukatia ndiyo inayoamua siku ya kuvuna, kama miezi minne baadaye. Kikundi kikikatia kwa zamu, wiki kwa wiki, zabibu hazitamfikia mnunuzi siku moja zote. Kubalianeni naye ratiba hiyo kabla ya kushika mkasi.

Pili, kipima sukari ya zabibu. Matone mawili ya juisi na jibu hapohapo. Awe nacho mnunuzi na kikundi kiwe nacho, bei ifuate kiwango. Tatu, tangi la kuhifadhi mchuzi wa zabibu (zabibu zilizokamuliwa), kwa sababu mchuzi husubiri na zabibu haisubiri. Sheria ya ushuru wa bidhaa nayo inautenga mvinyo wenye zaidi ya asilimia 75 ya matunda ya ndani na mvinyo mwingine, kwa ushuru mdogo zaidi. Kifungu kama hicho kikitunzwa, kiwanda kitawatafuta chenyewe.

Tutajuaje viungo vimeimarika? Nataka kigezo kimoja. (Afisa mipango, Dodoma)

Lengo la Umoja wa Afrika la asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti linapima kinachoingia tu. Wewe hesabu mikataba ya pili: watu wawili waliowahi kufanya kazi pamoja kwa fedha ya mradi, mradi ukaisha, wakarudiana kwa fedha yao.