Viza ya mume au mke: maswali yenu kuhusu cheti cha polisi na vidole

Maswali ya cheti cha polisi, hicho hicho wengine mnakiita cheti cha tabia njema, yamekuwa mengi kwa wale wanaomfuata mwenza nje, basi nimechukua yanayojirudia nayajibu hapa.

Mume wangu yuko Marekani ananiombea viza. Zamani nilifanya kazi nchi nyingine miaka miwili, cheti cha huko nacho wanataka?

Wanataka dada. Wamarekani wanahesabu hivi, kuanzia ulipofikisha miaka 16: nchi ya uraia wako kama umeishi humo miezi 6 au zaidi, nchi unayoishi sasa miezi 6 vilevile, na nchi nyingine yoyote uliyokaa miezi 12 au zaidi, hata iwe zamani kiasi gani. Halafu popote ulipowahi kukamatwa, hapo muda hauangaliwi kabisa. Sasa usije ukampa hesabu hiyo shoga yako anayeenda Kanada, maana Kanada wanaangalia miaka 10 ya nyuma tangu utimize 18, nchi uliyokaa miezi 6 mfululizo, na Australia ni miezi 12 kwa kujumlisha ndani ya miaka 10. Kwahiyo kabla hujakimbilia polisi kaa chini na paspoti zako zote hadi ile ya zamani iliyokatwa kona, soma mihuri, andika uliingia lini ulitoka lini. Karatasi hiyo ndo itakwambia vyeti vingapi, na ndo hiyo hiyo ujazie fomu, kwa sababu afisa anasoma anuani ulizojaza huku ana vyeti mkononi na pengo analiona hapo hapo. Anza na nchi inayochelewesha, hiyo ya nyumbani itakusubiri.

Nikishapigwa vidole kwa ajili ya cheti, kwenye viza watachukua tena?

Watachukua. Vya cheti wanapelekewa polisi wa nchi ulikoishi wakutafute kwenye mafaili yao, vya viza ni vya nchi unayoenda, havihamishiki. Kanada kwa mfano bayometriki, yaani vidole na picha ya uso, ni kuanzia miaka 14 hadi 79.

Niliishi Marekani, sasa niko kwingine na mke wangu yuko Kanada. Nitafute cheti cha polisi wa jimbo?

Hapana kaka, unaomba FBI, wale wapelelezi wa serikali kuu ya Marekani, vidole vinapigwa kwenye kadi yao ya FD-258. (Ungekuwa unahamia Marekani kwenyewe usingehitaji hata hicho, wana rekodi zao.)

Mimi fundi ujenzi, saruji imekula vidole vyangu, mashine haisomi.

Pole, na hauko peke yako, wafua nguo na wazee wanakumbana nayo sana. Siku kadhaa kabla vaa glavu kazini na upake losheni kila usiku, ila siku yenyewe usipake kitu, nawa ukauke vizuri. Kama ni wino, uwe kidogo, kidole kibiringishwe kutoka ukingo mmoja wa kucha hadi wa pili mara moja tu bila kurudia, na wewe legeza mkono mwachie anayekupiga maana ukimsaidia ndo unachafua. Kabla hujaondoka angalia mwenyewe mistari, ukiona doa jeusi tupu omba kadi nyingine. Mimi ningeomba kadi mbili hata kama ya kwanza inaonekana safi. Kidole kisichokuwepo usiache kisanduku kitupu, iandikwe sababu.

Cheti kimetoka na jina la kwa baba, paspoti ina la mume.

Unapoomba cheti jaza majina yote uliyowahi kutumia. Kama kimeshatoka, weka na cheti cha ndoa.

Niliwahi kukamatwa, kesi ikafutwa. Niseme?

Sema! Fomu ikikuuliza kama umewahi kukamatwa haikuulizi kama ulishinda. Tafuta nakala za mahakama zilizothibitishwa zinazoonyesha kesi iliishaje. Kesi iliyofutwa mara nyingi inaelezeka, lakini kudanganya kwa makusudi kunaweza kukufungia Marekani maisha yako yote, na Kanada ni miaka 5.

Cheti kinakaa muda gani?

Marekani miaka 2, isipokuwa kile cha nchi uliyohama na hujarudi tangu kitolewe, hicho hakichachi. Kanada, cha nchi unayoishi sasa kiwe kimetolewa ndani ya miezi 6 kabla ya kuaplai. Msikilaminishe jamani, kiskani pande zote mbili hata kama nyuma kuna muhuri tu, na ile orijino nenda nayo kwenye intavyuu.

Na huyu anayenisponsa, naye anatakiwa cheti?

Australia ndiyo. Marekani na Kanada haleti, ingawa rekodi yake nayo inaangaliwa, kwahiyo kama ana kesi ya kumpiga mtu wa familia akwambie sasa hivi, kabla hamjalipa ada.